Gobore la kuwindia: risasi na baruti zichaguliwe kwa kuanzia kwenye maji ya kuoshea

Mpwa wangu anaishi Pennsylvania, nchini Marekani. Jioni moja, nikiwa nimekaa barazani hapa Masasi, alinipigia simu ya video. "Shikamoo, mjomba. Nimenunua gumegume." Nilimwitikia marahaba, kisha nikacheka, maana kijana aliyeondoka Newala kwenda kusomea kompyuta alikuwa amerudia silaha ya babu zake, tena ile ya jiwe la cheche, ya kizamani kuliko hata gobore la fataki (kile kikofia kidogo kinachogongwa kuwasha baruti) tulilolizoea sisi. Mezani kwake alikuwa amepanga vitu vinne: risasi za duara pamoja na vitambaa vyake, risasi za kisasa zilizokaa ndani ya vikombe vya plastiki, kopo la baruti nyeusi, na kopo la baruti mbadala. Alitaka nimwambie achukue vipi kwa ajili ya kuwinda kulungu wa kule, wale wenye mkia mweupe. Badala ya kumjibu nilimuuliza: jioni ukirudi kutoka porini, mtutu utauoshea wapi, na kwa maji gani?

Alidhani ninamkwepa, lakini swali lile ndilo lililokuwa jibu lenyewe. Watu wengi wanaolinganisha risasi na baruti za gobore huanza na nguvu, hufuata na umbali, na usafi huuweka mwisho kabisa, kana kwamba ni kazi ya nyumbani isiyohusiana na uwindaji. Mimi nimelelewa kinyume cha hapo. Kila baruti huacha uchafu wa namna yake ndani ya mtutu, kila risasi hupita juu ya uchafu huo kwa namna yake, na mambo hayo mawili yakikutana ndiyo huamua kama gobore litalia kesho asubuhi au litagoma mbele ya mnyama. Kwa hiyo ulinganisho huu utapitia risasi na baruti, lakini jicho langu litakuwa kwenye karai la maji muda wote.

Kabla sijaendelea, yapo ya sheria ambayo hayana mjadala. Hapa kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka silaha iwe na mmiliki mwenye leseni, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na leseni ya kuwinda. Mtu kuishi jirani na Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, au Liwale inakopakana na Selous, hakumpi ruhusa yoyote. Gobore lililochongwa uani kwa bomba la maji ni kosa, na mbali na kuwa kosa ni hatari kwa mpigaji kuliko kwa mnyama, kwa sababu bomba hilo halikutengenezwa kuhimili mlipuko. Ninayoyaandika yanamhusu mwenye silaha halali iliyotoka kiwandani au kwa fundi mwenye leseni, yenye kijitabu chake cha maelekezo. Kijitabu hicho kikipingana nami, kifuatwe chenyewe.

Mnyama na umbali

Kulungu wa mpwa wangu si mnyama mkubwa kama wengi wanavyodhani. Dume lililokomaa mara nyingi lina uzito wa kati ya kilo 60 na 90. Pongo dume wa kwetu huanzia kilo 40 hivi akafika 80, na swala pala dume huwa kati ya hapo. Kwa maana hiyo, kinachomtosha kulungu wa Pennsylvania kinawatosha pia wanyama hawa, mradi mwindaji apige mahali panapostahili, yaani nyuma ya bega, penye moyo na mapafu.

Umbali ndio unaotofautiana. Misitu ya milima ya Pennsylvania na vichaka vyetu vya miombo vinafanana kwa jambo moja: mara nyingi mnyama huonekana akiwa karibu, hatua 40, hatua 60. Mtu anayewinda penye mbuga wazi ana hesabu nyingine. Ninalisema hili mapema kwa sababu risasi ya gharama kubwa huuzwa kwa ahadi ya umbali, na mtu ambaye hataona mnyama zaidi ya mita 60 msimu mzima anakuwa amenunua ahadi asiyoihitaji, pamoja na uchafu wake.

Risasi ya duara, risasi ndefu, na risasi ya kikombe

Risasi ya duara ndiyo ya asili. Kwa gobore la kipenyo cha inchi 0.50, risasi inayotumika sana ina kipenyo cha inchi 0.490, sawa na milimita 12.4, na uzito wa greini 177, yaani gramu 11 na nusu hivi. (Greini ni kipimo cha wahunzi wa silaha, greini 7,000 ndizo zinazofanya ratili moja.) Hufanywa ndogo kidogo kuliko mtutu kwa makusudi, kisha ikavishwa kitambaa chembamba cha pamba kilichopakwa mafuta. Kitambaa hicho ndicho kinachoshika ile mifereji inayozunguka ndani ya mtutu na kuizungusha risasi. Risasi yenyewe haigusi chuma. Ikisukumwa na greini 80 au 90 za baruti nyeusi, risasi hiyo huondoka kwa kasi ya mita 550 hivi kwa sekunde, lakini kwa kuwa ni ya mviringo na ni nyepesi, hewa huikwamisha haraka, na kabla ya mita 100 imekwisha kupoteza zaidi ya theluthi moja ya kasi yake. Mimi ningeweka mpaka kwenye mita 70, kwa macho ya kawaida na shabaha ya wazi.

Sifa yake inayosahaulika ni hii: kitambaa kinaposhushwa kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, kinafuta. Kila unaposhindilia, kitambaa chenye mafuta kinausukuma ukoko wa mlio uliopita kurudi chini kwenye baruti, nao unatoka pamoja na mlio unaofuata. Mwindaji anayetumia kitambaa kizuri anaweza kupiga mara kadhaa bila mdeki kukwama. Lazima kiwe cha pamba tupu. Chomoa uzi mmoja uuwashe kwa kiberiti. Ukiwa majivu, ni pamba. Ukijikunja na kuwa kijiwe cheusi kigumu, kuna nailoni ndani yake, na nailoni hiyo itayeyuka kwenye mtutu wako. Khanga nyingi za siku hizi hazifaulu mtihani huo, ingawa muuzaji atakuapia.

Risasi ndefu, iliyochongoka au butu mbele, na yenye mikanda ya kujazwa grisi ubavuni, ni jamii nyingine kabisa. Kwa kipenyo kilekile cha inchi 0.50 huwa na uzito wa greini 350 hadi 385, mara mbili ya ile ya duara. Huondoka polepole zaidi, lakini hushikilia nguvu yake mbali zaidi na hupenya kwa kina, na ndiyo maana wawindaji wa wanyama wakubwa huipenda. Dosari zake ni tatu. Ya kwanza ni teke: bega litakuambia. Ya pili ni njia yake hewani, ambayo hupinda sana kwa sababu ya mwendo wake wa polepole, hivyo kukosea kukadiria umbali kwa mita 20 kunaweza kukupitisha risasi chini ya tumbo la mnyama. Ya tatu ndiyo ya hatari: haina kitambaa cha kuishikilia, na mtu akitembea mtutu ukielekea chini inaweza kuteleza kidogo kidogo ikaachana na baruti. Nafasi tupu kati ya baruti na risasi inaweza kuvimbisha au kupasua mtutu. Anayechagua risasi hii hana budi kuipima kwa mdeki mara kwa mara akiwa porini.

Risasi ya kikombe, ambayo wenyewe huiita saboti, ni risasi ya kisasa ya bastola, mara nyingi ya greini 240 hadi 300, iliyovishwa kikombe cha plastiki ili ienee kwenye mtutu mpana kuliko yenyewe. Ilistawi pamoja na magobore ya kisasa ambayo fataki hukaa nyuma kabisa ya mtutu, ikitazamana moja kwa moja na baruti, mtindo ulioenea baada ya Tony Knight wa Marekani kutoa bunduki yake ya MK-85 mwaka 1985. Kwa shabaha ya mbali hakuna ya kuishinda kati ya hizi tatu. Lakini plastiki huacha utando kwenye mifereji ya mtutu, na utando huo maji hayautoi. Tena si kila mahali inaruhusiwa: jimbo la Colorado, katika msimu wake wa magobore, linakataza saboti, vidonge vya baruti na darubini, kwa kuwa msimu huo umekusudiwa kwa silaha inayomlazimisha mtu kusogea karibu na mnyama.

Kuhusu marisau, zile chembe nyingi ndogo za risasi, sina maneno mengi. Ni ya kanga na kwale. Kumpiga pongo kwa marisau ni kumtuma akafie mbali kwa maumivu.

Kinachoamua kati ya hizi tatu, kabla hata ya matakwa yako, ni mtutu wenyewe. Mtutu wa risasi ya duara huwa na mifereji inayozunguka taratibu, mzunguko mmoja katika inchi 60 au 66. Mtutu wa risasi ndefu na saboti huzunguka upesi, mara nyingi mzunguko mmoja katika inchi 28. Katikati upo ule wa inchi 48, ambao hupiga zote kwa kiasi na haupigi yoyote kwa ubora wa mwisho. Namba hiyo huandikwa kwenye kijitabu, na mara nyingine kwenye mtutu. Mpwa wangu alipoitazama ya kwake ilikuwa 66, na papo hapo vikombe vyake vya plastiki vikawa havina kazi. Magobore ya zamani ya huku kwetu hayana mifereji kabisa; mtutu ni laini kama bomba, na kwa hayo ni risasi ya duara tu, kwa hatua 40 au 50, si zaidi.

Baruti

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa, na haijabadilika sana kwa karne nyingi. Huuzwa kwa ukubwa wa punje, na alama yake ni herufi F: kadiri F zinavyoongezeka ndivyo punje zinavyokuwa ndogo na kuungua upesi. FFg ni ya mitutu ya inchi 0.50 na kuendelea, FFFg ni ya mitutu midogo na bastola, na FFFFg, iliyo laini karibu kama unga, ni ya kuwekwa kwenye kile kisahani cha gumegume inapoangukia cheche.

Ubaya wake unajulikana. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi, bali hubaki kama masizi na chumvi. Sehemu hutoka kama wingu jeupe, sehemu hubaki ukutani mwa mtutu. Wingu hilo liliwahi kuwa suala la kufa na kupona: askari wengi wa jeshi la Wajerumani walioingia Vita Kuu ya Kwanza katika nchi hii wakiwa na bunduki za mwaka 1871 walionekana walipojificha kila walipofyatua, kwa sababu tu ya moshi. Kwa mwindaji, moshi humziba macho asione mnyama ameangukia wapi. Chumvi ile nayo hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu ukiwa na chumvi juu ya chuma huzaa kutu usiku huohuo.

Wema wake ni kwamba uchafu wote huo huyeyuka katika maji. Si kwa dawa, si kwa kemikali ya dukani, maji. Wema wa pili ni kwamba hushika moto kwa joto dogo kuliko baruti mbadala, na kwa hiyo gumegume, lenye cheche dhaifu, halina mbadala wa kweli. Mtu anayetia baruti mbadala kwenye gumegume atasikia "chaa" kwenye kisahani na kimya kwenye mtutu.

Baruti mbadala zenyewe hazifanani. Pyrodex, iliyotokea Marekani katika miaka ya 1970, hupimwa kwa ujazo uleule wa baruti nyeusi, ingawa ni nyepesi kwa uzito, na ndiyo sababu isipimwe kwa mizani. Ni rahisi zaidi kuisafirisha na kuihifadhi dukani kisheria, na hilo ndilo lililoieneza. Watu hudhani ni safi zaidi. Kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, maana mabaki yake nayo yana chumvi, tena yenye klorini ndani yake kama chumvi ya mezani, na huila chuma vilevile au zaidi. Triple Seven haina salfa, hivyo haina ile harufu ya mayai viza na huoshwa kwa maji matupu kwa wepesi. Lakini ina nguvu zaidi, na mtu anayehama kutoka baruti nyeusi hutakiwa kupunguza kipimo kwa asilimia 15 hivi. Aidha huacha pete ngumu ya ukoko pale risasi ilipokaa, na pete hiyo huzuia risasi ya pili isishuke. Blackhorn 209 ndiyo yenye masizi machache kuliko zote, na inavumilia kukaa siku mbili tatu bila kuoshwa, lakini inadai fataki kubwa ya namba 209 iliyobuniwa kwa shotgani, haifai kwenye gobore la fataki ndogo wala gumegume, bei yake ni ya juu, na huoshwa kwa dawa ya bunduki, si kwa maji.

Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za rifle za kawaida, haimo katika ulinganisho huu. Haitiwi kwenye gobore hata kwa ncha ya kijiko, isipokuwa kwa silaha chache sana ambazo mtengenezaji wake amesema kwa maandishi kwamba zinaihimili. Mitutu iliyopasuka na vidole vilivyopotea mara nyingi chanzo chake ni hapo.

Kipimo

Kwa risasi ya duara ya inchi 0.50, mtu huanza na greini 60 za FFg, hupiga risasi tatu kwenye karatasi kwa hatua 50, kisha huongeza greini tano tano, akitazama matundu yanavyokusanyika au kutawanyika, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye kijitabu. Mitutu mingi hupatana na kipimo fulani kati ya 70 na 90. Zaidi ya hapo kinachoongezeka ni moshi na teke, na baruti ambayo haikuwahi kuungua humwagika mbele ya mtutu. Ukitandika shuka jeupe chini utaiona.

Baruti isimiminwe kamwe kutoka kwenye pembe au kopo moja kwa moja hadi mtutuni, kwani kaa dogo lililobaki ndani litapanda hadi kwenye kopo lililo mkononi. Huwekwa kwanza kwenye kipimo, kisha mtutuni. Risasi ikishafika chini, mdeki utiwe alama kwa kisu usawa wa mdomo wa mtutu. Alama ya mtutu mtupu na alama ya mtutu ulioshindiliwa ndizo zitakazokuambia siku zote kama ndani kuna kitu. Na gobore likigoma, lielekezwe mahali salama na lisiguswe kwa dakika moja nzima au zaidi, maana moto unaweza kuwa unatambaa.

Karai la maji

Uwanda wa Makonde hauna mito. Nilipokuwa mdogo, maji ya Newala yaliyotoka bombani yalikuwa ya kubahatisha, na mara nyingi akina mama waliyafuata bondeni, chini ya ukingo wa uwanda, wakapanda nayo kichwani kwenye ule mteremko unaomkata pumzi hata mtu asiyebeba kitu. Babu alikuwa na gobore la fataki lenye kibali. Kila aliporudi nalo likiwa limelia, hata mara moja, alichukua lita tatu za maji hayo. Bibi alinung'unika kila mara: "Maji ya kunywa, wewe unaoshea chuma." Babu hakumjibu, wala hakupunguza hata kikombe.

Alikuwa akifungua kichuchu kinachokaa fataki, akikisimamisha kitako cha mtutu ndani ya karai lenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya mche, kisha akishusha mdeki wenye kitambaa kilichobana. Akiuvuta juu, maji yaliingia kupitia tundu la moto na kupanda ndani ya mtutu. Akiusukuma chini, yalitoka kwa mlio wa mtoto anayenyonya. Pampu ya kwanza maji yalikuwa kama wino, yenye harufu ya yai bovu. Ya nne au ya tano yalifanana na maji ya mchele. Hapo aliyamwaga, akaweka masafi yasiyo na sabuni, akarudia. Kisha vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka kitokee kama kilivyoingia.

Nikiwa na miaka kumi na minne nilipewa kazi hiyo peke yangu, na kwa kumhurumia bibi niliamua kutumia mafuta ya taa. Mtutu ulitoka unang'aa. Nilijiona nimegundua jambo. Siku tatu baadaye babu alishusha kitambaa cheupe kikavu, na kilipopanda kilikuwa na rangi ya udongo wa Newala, wekundu mtupu. Hakunigombeza. Alinipa kile kitambaa nikishike, akaenda kuchota maji.

Mafuta ya taa, dizeli na petroli huondoa mafuta na masizi, na ndiyo maana chuma hung'aa, lakini chumvi haiyeyuki ndani yake. Inabaki palepale chini ya utando mwembamba wa mafuta, ikisubiri unyevu. Kwa hiyo katika safu hii ulinganisho si mgumu: kwa baruti nyeusi, Pyrodex na Triple Seven, maji hushinda dawa yoyote ya bei ghali, na dawa nyingi zinazouzwa Marekani kwa ajili ya magobore ukisoma chupa yake utakuta sehemu kubwa ni maji. Kwa Blackhorn 209, tumia dawa ya bunduki. Kwa saboti, maji kwanza, kisha dawa na brashi ya shaba kwa ajili ya plastiki.

Wanabishana juu ya joto la maji. Yanayochemka hukausha mtutu upesi kwa sababu chuma hubaki cha moto, lakini mara nyingi huacha vumbi la kutu la rangi ya chungwa dakika hiyohiyo. Uvuguvugu unatosha, chumvi haihitaji kuchemshwa ili iyeyuke.

Mafuta ya kupaka ni ya aina mbili, na kuyachanganya ni kosa la kawaida. Wakati wa kupiga, kitambaa cha risasi kipakwe mafuta ya mnyama au ya mmea: nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya kondoo ni mchanganyiko wa tangu zamani, na nta ya miombo ya Liwale na Nachingwea haina mpinzani. Mafuta ya mashine yakikutana na baruti nyeusi inayoungua hufanya lami inayoganda ukutani. Baada ya kuosha na kukausha mambo hugeuka: mafuta ya mmea, kama ya ufuta wetu, hukauka na kunata yakikaa wiki kadhaa, na hapo mafuta ya bunduki ya kawaida ndiyo yanayofaa kwa kuhifadhi. Lakini yafutwe yote kabla ya kushindilia tena, na fataki moja au mbili zilipuliwe juu ya mtutu mtupu uliothibitishwa kuwa mtupu, ili kukausha tundu la moto. Mafuta yaliyosahaulika kwenye tundu ni sababu kubwa ya gobore kugoma, kuliko mvua.

Mahali nako kunahesabiwa. Anayehifadhi silaha Mikindani au Lindi mjini, penye upepo wa chumvi, aikague kila wiki. Wa Masasi, wakati wa kiangazi, anaweza kukaa mwezi. Mpwa wangu ana tatizo lisilojulikana huku: gobore likitolewa kwenye baridi kali likaingizwa sebuleni penye joto, hutoka jasho ndani na nje kama chupa ya soda, na kutu huanzia hapo.

Alivyochagua

Msimu wa gumegume wa Pennsylvania, uliopo tangu mwaka 1974, huja baada ya Krismasi, na silaha za kisasa hazimo. Kwa mtutu wake wa mzunguko wa 66, misitu yake ya hatua 50, na bomba la maji lililo hatua mbili kutoka mlangoni, nilimwambia achukue risasi ya duara, kitambaa cha pamba, na baruti nyeusi: FFg mtutuni na FFFFg kisahanini. Kwa majaribio yake alitua kwenye greini 75. Angekuwa na bunduki ya kisasa na anawinda ukingoni mwa shamba la mahindi kwa mita 130, akalala kambini siku nne mbali na maji, ningemwambia saboti na Blackhorn bila kusita, na anunue dawa ya kutosha. Risasi ndefu ningemwachia mwenye mtutu unaozunguka upesi anayezuiwa saboti na sheria ya jimbo lake. Pyrodex ningeishika tu pale ambapo baruti nyeusi haipatikani.

Gobore la babu hatunalo tena. Alipofariki, familia ililikabidhi polisi, kwa kuwa silaha hairithiwi kama shamba la mikorosho. Kilichobaki ni karai, ambalo bibi aliligeuza la kuoshea mpunga.

Mwezi Januari mpwa wangu alinitumia picha ya kitambaa cheupe alichokishusha mtutuni siku ya tatu baada ya kuosha, kama nilivyomwelekeza. Katikati kilikuwa na alama hafifu ya rangi ya chungwa. Nilimuuliza maji yalikuwa ya namna gani, akakiri kwamba aliyachemsha, kwa kuwa jirani yake mwindaji alisisitiza. Nilimwambia aoshe upya kwa maji ya uvuguvugu, akaushe, apake mafuta, na keshokutwa ashushe kitambaa kingine.